Maji Yakijaa, Kamba ya Nanga Ina Urefu Gani?

Katika kutafsiri mikutano ya hadhara hapa Lamu, hakuna msemo wa Kiingereza ulionisumbua kama huu: "A rising tide lifts all boats". Yaani maji yakijaa, huinua vyombo vyote. Unakusudia kwamba uchumi ukikua, kila mtu hunufaika, mkubwa kwa mdogo. Rais John F. Kennedy wa Marekani aliutumia mwaka 1963 akizindua bwawa la Greers Ferry, Arkansas, akieleza kwamba mali ya mradi wa jimbo moja hufika hadi majimbo mengine. Katika hotuba nyingine mwaka huohuo alisema ni msemo wa kwao Cape Cod, watu wa pwani kama sisi.

Mara ya kwanza niliutafsiri neno kwa neno, kwenye mkutano kuhusu bandari mpya. Mzee mmoja mvuvi akainuka. "Mwanangu, maji ya bamvua, yale yajaayo kupita kawaida, twayajua. Chombo chenye kamba fupi ya nanga hakiinuki, huingia maji kikazama. Na kisichokalafatiwa, tundu zake zisizibwe, je?" Mgeni niliyekuwa nikimtafsiria akaniangalia. Nikamwambia tu kwamba mzee ana wasiwasi. Jibu lile linaniuma hadi leo, kwa sababu mzee alikuwa ameuliza swali lenyewe. Mwaka 2018 Mahakama Kuu ya Malindi iliamua kwamba wavuvi wapatao 4,600 walipwe shilingi bilioni 1.76 kwa hasara waliyoletewa na ujenzi wa bandari hiyo.

Kwa hiyo ukiutumia, zungumzia ukuaji wa mji mzima au nchi nzima, na uwe tayari kueleza faida itamfikiaje mwenye mtumbwi. Usimwambie mtu aliyepoteza mahali pake pa kuvulia. Wala si msemo wa bidii ya mtu mmoja. Nimeuona kwenye barua za kuomba kazi, na hapo haufai kabisa. Nawe mkalimani, toa maana kwanza, picha ya bahari ifuate, kisha jibu la wenyeji ulirudishe zima, na kamba yake na tundu zake.

Siku hizi humtafuta mgeni kabla ya mkutano nimuulize kama msemo huo umo katika hotuba yake, na ni nani hasa atakayeinuliwa: mwenye jahazi, mwenye mashua au mwenye mtumbwi. Wapo waliochukua kalamu wakaandika upya sehemu hiyo.