Uliyeuliza uhandisi usio na kuandika: mimi niliutafuta, ukamgharimu bosi wangu milioni 130

Dogo, usitume hayo maombi. Bado.

Umesema umemaliza form six PCM, Advance Math una A, Kiingereza kinakutesa, insha za General Studies (GS) ulikuwa unaziandika huku unasinzia, na sasa umekwama kati ya uhandisi ujenzi, umeme na kompyuta. Unataka kujua upi una hesabu nyingi na maandishi machache, upi una soko, chuo gani kizuri, na mkopo ukoje. Nimesoma nikaacha ugali ukapoa. Hilo swali ni langu, nililiuliza mwaka 2011 kwa maneno karibu yale yale, nikajibiwa vibaya kama unavyojibiwa wewe.

Na wewe mdau uliyemwambia "nenda ujenzi, kule ni kuchora na kupiga hesabu tu", nipe namba ya bosi wako nimpe pole mapema.

Mimi aliyenipoteza ni mwalimu wetu wa Physics wa Advance. Nampenda mpaka leo, mtu alikuwa anakokotoa projectile ubaoni bila kushika karatasi, chaki moja, kipindi kizima. Ila alikuwa na wimbo wake: "HGL ni watu wa maneno, PCM ni watu wa namba. Mhandisi haandiki, mhandisi anakokotoa." Darasa zima tulikuwa tunapiga meza. Nilipopata F ya GS niliitembeza bwenini kama medali. Leo najiuliza, yule mwalimu aliwahi kukanyaga saiti hata siku moja? Aliwahi kuona faili la mradi lilivyo nene? Unamshauri mtu maisha yake kwa kitu ulichokiona kwa mbali ukiwa ndani ya daladala!

Basi nikajaza CAS ya TCU, ule mfumo wa pamoja wa kuomba vyuo wa wakati ule, uhandisi ujenzi chaguo la kwanza, nikapata. Chuoni nilitesa. Structural Analysis nilikuwa nawafundisha wenzangu usiku, hesabu za Laplace na Fourier zilikuwa kama karanga. Ile kozi ya mawasiliano ya mwaka wa kwanza nilipita kwa C ya huruma. Kitabu cha PT, yale mafunzo ya vitendo, nilikijaza chote kwa usiku mmoja, wiki nane zote, kalamu ya rangi moja, mwandiko ukizidi kuharibika kadiri alfajiri inavyokaribia. Ripoti nikadesa. Project ya mwaka wa mwisho nilifanya na dada mmoja, tukagawana: yeye aandike, mimi nipige hesabu. Nilijiona mjanja kweli. Yule dada sasa hivi anasimamia mikataba ya miradi mikubwa, mimi nakujibu wewe saa tano usiku kwa simu yenye kioo kilichopasuka.

Sasa njoo kwenye lenyewe.

Mwaka 2018 nilikuwa injinia wa saiti kwa mkandarasi mmoja wa ndani, barabara ya kilomita 6 na makalavati yake. Mkataba bilioni 2.4. Kampuni ndogo, kwa hiyo "injinia wa saiti" ilimaanisha mimi ndiye kila kitu isipokuwa mlinzi. Tarehe 9 Machi kijiko kinafika kilomita 3.4 kuchimba msingi wa kalavati, tunakuta bomba kuu la maji limekatiza palepale. Kwenye mkataba kulihamisha ilikuwa kazi ya mteja, lilitakiwa liwe limeshaondoka kabla hatujaingia. Halikuondoka. Likakaa siku 47.

Nilifanya nini? Nilimwendea mhandisi mkazi wa mshauri, yaani yule anayesimamia kazi pale saiti kwa niaba ya mteja, mzee mmoja mstaarabu sana, nikamwonyesha bomba. Akaniambia: "Usijali kijana, hilo si kosa lenu. Mwishoni tutawaongezea siku." Nikamtumia picha nne kwa WhatsApp. Nikarudi kwenye kontena kulala usingizi wa mtu aliyemaliza kazi.

Mkurugenzi akapiga simu kutoka Dar: "Umewaandikia?"

Nikajibu: "Nimewaambia, bosi."

Kiswahili chenyewe kilikuwa kinanionya pale, mimi nikakipita.

Mkataba wetu ulikuwa wa FIDIC, shirikisho la kimataifa la wahandisi washauri linalotunga mikataba ya mfano ya ujenzi, kile kitabu chekundu cha 1999. Kuna kifungu cha 20.1 mle. Kinasema hivi kwa lugha nyepesi: mkandarasi akiona tukio ambalo anaona linampa haki ya kuongezewa muda au pesa, atoe notisi haraka iwezekanavyo, na isizidi siku 28 tangu alipojua au alipopaswa kujua. Zikipita, muda haongezewi, pesa halipwi, na mteja anakuwa ametoka kwenye lawama. Kuna toleo la 2017 wamekipanga upya, lakini siku ni zile zile 28. Mimi siku 28 nilikuwa nazijua vizuri sana, maana vipande vya zege tunavipasua siku ya 7 na siku ya 28. Ningeamshwa usingizini ningekutajia nguvu ya zege ya siku ya 28. Siku 28 za barua sikuwahi kuzisikia, kwa sababu mkataba ulikuwa na kurasa nyingi za maneno na mimi ni mtu wa namba.

Hapo bado sijafika kwenye aibu. Msianze kucheka.

Kila saiti ina daftari la kila siku. Unaandika hali ya hewa, watu wangapi, mashine zipi, nini kimefanyika, nini kimezuia. Mimi nilikuwa najaza idadi ya watu na mashine kwa usahihi wa kutisha, mpaka lita za dizeli. Kwenye sehemu ya maelezo, ile yenye mistari kumi, nilikuwa naandika maneno matatu ya Kiingereza yenye maana ya "kazi inaendelea". Kila siku. Siku nyingine nilikuwa najaza wiki nzima Jumamosi jioni, maneno hayo hayo, kama mhuri.

Mzee mstaarabu akahamishiwa mradi mwingine. Akaja mama mmoja, mpole, anaongea taratibu, miwani puani. Nikamkabidhi kazi yangu ya fahari: jedwali la Excel, mtiririko mzima wa kazi, njia mahututi (critical path, ule mnyororo wa kazi ambao ukichelewa mradi wote unachelewa) nimeikokotoa mbele na nyuma, ucheleweshaji siku 47 kamili. Akaipitia yote. Akasema, "Injinia, hesabu yako ni sahihi, na mimi nimepata 47." Nilitaka kusimama nipige makofi.

Kisha akauliza barua ya notisi iko wapi.

Nikamwambia kuhusu mzee na zile picha za WhatsApp. Akatikisa kichwa, akasema mkataba unataka notisi iwe ya maandishi, na ifikishwe kwa njia ambazo mkataba umezitaja. Kisha akafungua nakala za daftari langu, akaanza kusoma kwa sauti mbele ya kikao. "Tarehe 14, kazi inaendelea. Tarehe 15, kazi inaendelea. Tarehe 16, kazi inaendelea." Alisoma ukurasa mzima. Akavua miwani. "Injinia, kazi ilikuwa inaendelea au haikuwa inaendelea?"

Wadau, nimewahi kukimbizwa na nyuki saiti. Ningechagua nyuki.

Fidia ya ucheleweshaji, ile mkandarasi anayokatwa akichelewa kumaliza, ilikuwa asilimia 0.1 ya bei ya mkataba kwa siku, yaani milioni 2.4. Mara 47, milioni 112.8. Kijiko cha kukodi kilikaa siku 20 kinapigwa jua kwa laki 9 kwa siku, milioni 18 nyingine ambayo tungeweza kuidai. Jumla milioni 130.8. Barua iliyotakiwa ni hii, nimekuja kuiandika baadaye kujiumiza tu:

"Tangu tarehe 9 tumeshindwa kuchimba kalavati la kilomita 3.4 kwa sababu bomba la maji halijahamishwa. Kwa kifungu cha 20.1, tunatoa notisi kwamba tutadai muda na gharama."

Maneno 26 ukihesabu na namba. Gawanya: zaidi ya milioni 5 kwa kila neno. Lile "na" peke yake ni milioni 5. Sasa niambie tena kwamba sisi watu wa namba hatuhusiki na maneno.

Bosi hakunifukuza. Alinihamishia stoo nihesabu nondo miezi minne. Akasema, "Si unapenda namba?" Ni kweli nazipenda, na stoo ile haijawahi kupishana hata nondo moja tangu hapo, iandikwe. Ila kila asubuhi nilikuwa nasikia magari yanaenda saiti na mimi nimebaki na mizani.

Na usifikiri ilikuwa ni ujenzi tu. Hapo ndipo wengi mnapojidanganya, mnadhani kuna chumba kingine ndani ya nyumba hiyo hiyo ambacho hakina kalamu. Rafiki yangu alikwenda umeme. Darasani kweli, umeme ndio wenye hesabu tamu kuliko zote tatu ulizotaja: namba changamano, milinganyo ya Maxwell, mifumo ya udhibiti, utashiba. Kazini siku yake inaanza na hati ya kibali cha kazi. Laini ipi imezimwa, imezimwa wapi, imefungwa na nani, imewekwa ardhi wapi, nani ataiwasha. Hati hiyo ikiandikwa kizembe kuna mtu anapanda nguzo yenye moto. Kosa langu mimi lilikula pesa. La kwake linaweza kula mtu.

Kompyuta wanaandika kwa ajili ya mashine, halafu wanamwandikia binadamu kwa nini mashine imegoma. Sitaki kuongea sana huko, sijakaa.

Halafu ukimaliza digrii, huwezi kufanya kazi ya uhandisi kwa jina la mhandisi bila kusajiliwa na ERB, Bodi ya Usajili wa Wahandisi. Njia wanayopita wahitimu wengi ni ule mpango wao wa mafunzo, SEAP, miaka 3, na unajua unafanya nini miaka hiyo mitatu? Unaandika ripoti. Ulichofanya, ulichojifunza, msimamizi anasoma, anarudisha na wino mwekundu. Mimi zangu zilirudi zimejaa wekundu kama mchuzi wa pweza, bado nikaona ni uonevu, nikatafuta mtu wa kunisaidia "kunyoosha lugha". Ningenyooka mwenyewe wakati ule, 2018 isingenikuta.

Kwa hiyo sikiliza, achana na swali la fani ipi haina kuandika. Kabla hujachagua, mtafute mhandisi mmoja wa kila fani unayoitaka, aliye kazini, si mwalimu, si mtu wa semina ya kuchagua kozi mwenye fulana ya chuo. Usimuulize alisoma nini wala analipwa ngapi. Mwombe akuonyeshe kila kitu alichoandika wiki iliyopita. Barua, daftari, ripoti ya vipimo, barua pepe, kibali, vyote. Kaa chini usome. Kuna maandishi utayasoma na kuona usingizi. Kuna mengine utajikuta unauliza, "hili bomba baadaye lilihamishwa?" Ukishaanza kuuliza hivyo, hiyo ndiyo fani yako, hata kama ina hesabu chache kuliko nyingine. Hesabu utazikuta popote na unaziweza tayari. Ni maandishi ndiyo utakayoishi nayo, kwa hiyo chagua yale yanayohusu kitu unachotaka kukijua.

Ningefanya hivyo mwaka 2011 nafikiri ningeenda umeme. Au ningebaki ujenzi lakini kwa macho. Sijui. Kila nikipita barabara ile nageuza shingo kilomita 3.4, kalavati lipo, maji yanapita safi, limesimama vizuri sana, hesabu zake nilipiga mimi.

Mdau aliyesema "siku hizi akili mnemba itaandika", sawa, ikuandikie. Itajuaje kwamba bomba lilikuwepo tarehe 9 kama wewe umeandika kazi inaendelea?

Dogo, kama uko Dodoma au unaweza kufika, nitumie ujumbe pembeni. Njoo Jumanne, ndiyo siku yetu ya kikao cha saiti, nikuonyeshe faili langu la wiki. Siku hizi lina barua kumi na moja, mbili kati yake ni za kulalamika mvua. Vaa viatu vya kufunika vidole, ndala mlinzi hapitishi.