Ol-in-wani yangu niliifungua mara tatu, ilitakiwa mara moja

Wadau, ndani ya mwezi mmoja nimeifungua hii kompyuta yangu mara tatu, na kila nikiifungua inatoka na kidonda kipya, mara kishikizo cha plastiki kimekatika, mara kifuniko hakikai sawa. Kazi yenyewe ya ndani wala haikuwa ngumu. Kinachoziua hizi mashine ni kufungua na kufunga, kwahiyo nataka niwaambie mambo ambayo ningeyajua mapema ningefungua mara moja tu nikamaliza kila kitu.

Kwanza tuelewane. Hizi ol-in-wani, yaani kompyuta ambazo kioo na mashine ni kitu kimoja, watu wanazichukulia kama deskitopu kwa sababu zinakaa mezani, ila ukishatoa mgongo unakutana na laptopu iliyosimamishwa. Ramu, yaani kumbukumbu ya muda ya mashine, ni zile fupi za laptopu, feni ni ile bapa inayopulizia ubavuni, diski kwenye nyingi ni ya inchi 2.5, na umeme mara nyingi unaingia kupitia adapta ya nje ya volti 19 au 19.5. Mi nilinunua ramu ndefu ya deskitopu kabisa nikafika nayo mezani najiona mjanja, haikuingia hata robo. Na hata hizo fupi angalia ni za kizazi gani, DDR3 au DDR4, pengo lake la chini halifanani, usije ukalazimisha.

Mara ya kwanza nilifungua kwa sababu ya joto. Feni ilikuwa inapiga kelele kama inataka kuruka, alafu nikikaa kwenye simu ya video dakika ishirini hivi mashine inazima yenyewe bila hata kuaga. Hiyo ni tabia ya prosesa kujilinda, ikikaribia nyuzi 100 inapunguza mwendo kwanza, ikizidi inakata. Nikafungua, nikakuta vumbi limeshikana kwenye mapezi ya shaba mpaka limekuwa kama kitambaa, nikapuliza, nikafunga, nikafurahi. Wiki haijaisha joto limerudi, sio kama mwanzo lakini lipo. Kwanini? Kwa sababu nilisafisha feni nikaacha ile pesti ya joto kati ya prosesa na bamba lake la kutolea joto, na ilikuwa imekauka kama chokaa. Yaani nimeshafika mpaka pale, skrubu nne tu zimebaki, nikaona uvivu.

Mara ya pili nikaenda kubadilisha pesti na nikaunganisha na diski, maana mashine ilikuwa inachukua dakika nne nzima kuwaka. Hapa nilifanya kitu kimoja cha akili, nilipima kabla. Fungua Taski Meneja, ile programu ya Windows inayoonyesha kila kifaa kinatumika kiasi gani, uangalie, kama diski imekaa kwenye asilimia 100 huku prosesa iko kwenye kumi na ramu haijajaa, basi usihangaike na ramu, tatizo ni hiyo hadidiski ya kuzunguka mizunguko 5400 kwa dakika. Ukiweka SSD, ile diski isiyozunguka, utadhani umenunua mashine nyingine, na kwa maoni yangu hakuna pesa ya matengenezo inayolipa kama hiyo. Ila kopi ya diski ifanye kabla hujafungua chochote, chukua waya wa USB wa kuunganishia diski, hamisha kila kitu kwenye SSD mpya ikiwa nje, hakikisha imemaliza, ndo ushike bisibisi. Na kama Windows yako imefungwa na BitLocker, ile kufuli ya Windows inayofunga mafaili ya diski, isimamishe kwanza na ile namba yake ya tarakimu 48 iandike pembeni, kuna watu wamekuja kuulizwa hiyo namba wakiwa hawaijui na mafaili yote wakayaaga.

Sasa kufungua kwenyewe. Kabla ya yote tafuta kitabu cha matengenezo cha modeli yako hasa, HP, Dell na Lenovo wanaviweka bure kwenye tovuti zao na vina picha za kila skrubu. Hii ni muhimu kwa sababu zipo zinazofunguka kwa mgongo na zipo ambazo kioo ndo kinatoka kwanza, ukianza upande usio wake unavunja. Chomoa umeme, bonyeza kitufe cha kuwashia ukishikilie kama sekunde ishirini ili mabaki ya umeme yaishe, tandika taulo nene mezani, laza mashine kifudifudi. Anza na stendi, skrubu zake mara nyingi zimefichwa chini ya kifuniko kidogo. Mgongo wenyewe umeshikwa na vishikizo kuzunguka pembeni pote, tumia kadi ya plastiki ya zamani au kile kidude cha kupigia gitaa, ingiza kwenye ufa tembea nao polepole. Mi niliingiza kisu cha mezani, na alama yake bado ipo pale chini kila nikipita naiona. Mgongo ukiachia usiunyanyue kwa pupa, kwenye baadhi kuna waya wa spika au wa kitufe umeshikana nao.

Skrubu! Chora umbo la mashine kwenye karatasi, kila skrubu unayotoa ichome kwenye karatasi pale pale ilipotoka. Hazilingani urefu, na ukiweka ndefu kwenye tundu la fupi inaweza kwenda kugusa kioo kwa nyuma, hapo umejitafutia msiba.

Feni ukiipuliza shika mapanga yake kwa kidole yasizunguke, ukiyaacha yazunguke kwa kasi ya upepo unaua beringi. Usitumie mashine ya kufyonza vumbi ya nyumbani, inazalisha umeme tuli, na kabla ya kugusa bodi kuu, ndo mazabodi, gusa kwanza chuma cha ile fremu. Bamba la joto legeza skrubu kwa zamu, kwenye nyingi kuna namba 1, 2, 3, 4 zimeandikwa pembeni kabisa, futa pesti ya zamani kwa alkoholi ya asilimia 90 kwenda juu, weka mpya kiasi cha punje ya mchele. Sio kupaka kama siagi jamani. Na ukiwa humo humo badilisha ile betri ya saa, CR2032, kitu kidogo kama kifungo, kama saa yako ilikuwa inarudi nyuma kila ukichomoa umeme ndo hiyo imechoka.

Basi mara ya pili nikafanya yote hayo, nikafunga, nikabana vishikizo vyote taratibu, nikawasha. Kioo cheusi. Feni inazunguka, taa inawaka, mlio wa Windows nausikia kabisa, picha hakuna.

Nilikaa kimya kama dakika tano. Wazo la kwanza ni nimeua kioo, na kioo kwenye hizi mashine ndo nusu ya thamani yake. Nikajaribu kuchomeka skrini ya nje, bado hakuna kitu, presha ikapanda zaidi, kumbe lile tundu la HDMI kwenye yangu ni la kuingiza picha sio kutoa, zipo nyingi za hivyo kwahiyo soma kilichoandikwa pembeni ya tundu kabla hujalia. Alafu nikazima taa ya chumba nikamulika kioo kwa tochi ya simu kwa pembeni. Ukiona picha kwa mbaaali ujue kioo kipo ila taa yake ya nyuma haiwaki. Mi sikuona kitu kabisa, ikanipa tumaini kwamba huenda ni waya wa picha, nikafungua mara ya tatu na kweli, ule waya mwembamba wa kioo ulikuwa umekaa upande. Hizi fleksi zina kikufuli kidogo, unakiinua kwanza, unaingiza waya mpaka mwisho, unakilaza. Usivute waya wenyewe hata siku moja.

Siku hizi nikiwatengenezea ndugu zangu nawasha mashine ikiwa bado wazi, imesimama imeegemea kitu, najaribu kioo, sauti, waifai, kamera, USB zote, alafu ndo nafunga.

Zipo ambazo sigusi. iMac nyembamba za kuanzia mwisho wa 2012 kioo kimebandikwa kwa gundi kuzunguka, kukitoa unakata gundi na kukirudisha unahitaji utepe mpya, na zile za Intel zina pawasaplai ndani yenye kapasita zinazobaki na umeme hata ukichomoa waya ukutani. Hiyo sio sehemu ya kujifunzia, mpe fundi anayezijua. Afadhali ile ya inchi 27 mpaka toleo la 2020 ina kimlango nyuma cha ramu, unabadilisha bila kugusa kioo.

Na kama mashine yako haiwaki kabisa, tafadhali jaribu adapta nyingine yenye volti zile zile, pini ile ile na wati zisizopungua kabla hujafikiria mazabodi. Jirani yangu alikuwa ameshatoa skrubu sita, kumbe ni adapta tu.