Maombi ya chuo: karatasi haina uzito zaidi

Ndugu, umeuliza kama fomu ya karatasi inapewa uzito kuliko ya mtandaoni. Hapana. Chuo kikipokea karatasi, kwa kawaida karani huingiza taarifa zako kwenye mfumo uleule wa wengine, na hapo ndipo herufi ya jina au alama ya mtihani inaweza kukosewa bila wewe kujua. Hata Common Application ya Marekani, yaani fomu moja ya kuombea vyuo vingi, iliyoanza mwaka 1975 kwa fomu za karatasi, leo hujazwa mtandaoni.

Kwa hiyo tuma mtandaoni, ila shika jambo moja linaloumiza wengi: kuhifadhi si kuwasilisha. Unaweza kujaza kila ukurasa, ukapakia vyeti vyote, na fomu ikabaki rasimu tu. Bonyeza kitufe cha mwisho, subiri namba ya maombi au barua pepe ya uthibitisho, kisha weka nakala yake mahali salama. Angalia pia saa ya mwisho ni ya nchi gani. Ukiomba chuo cha mbali, saa sita usiku yao yaweza kuwa mchana kwako. Na tafadhali usingoje siku ya mwisho, mifumo huelemewa.

Karatasi itumie pale chuo kinapoidai, mara nyingi kwa matokeo yenye muhuri. Itume kwa posta ya rejista, na waulize mapema kama wanahesabu tarehe ya kutuma au ya kupokea.