Kabla ya Kumpeleka Mwanao Kurushwa na Young Eagles

Wazazi wenzangu mlioko Marekani, kama una mtoto wa miaka 8 hadi 17, anaweza kupanda ndege ndogo bila wewe kulipa hata senti, na wengi wetu hatujui. Mpango unaitwa Young Eagles. Ulianzishwa mwaka 1992 na chama cha wapenda ndege cha EAA, chenye makao yake Oshkosh, Wisconsin, na umesharusha watoto zaidi ya milioni 2. Marubani wanajitolea, na mafuta wananunua wenyewe.

Nilisita muda mrefu kumruhusu binti yangu apande ndege ya injini moja. Kilichonituliza ni kumwona rubani akiikagua. Kwa hiyo fikeni mapema, foleni haijawa ndefu, umwombe rubani mtoto afuatane naye akizunguka ndege. Atapima oili ya injini, atachezesha sehemu za bawa zinazopinda, atakinga petroli kidogo kwenye kikombe kinachoonyesha ndani kuangalia kama ina maji. Binti yangu aliuliza mbona petroli ni ya buluu. Akajibiwa kwamba hutiwa rangi makusudi ili isichanganywe na mafuta ya aina nyingine. Safari yenyewe huwa kama dakika 15 hadi 20 tu, lakini nyumbani suala la petroli ya buluu lilizungumzwa wiki nzima.

Asubuhi ina faida nyingine. Kiangazi, jua likishapasha ardhi, hewa hupanda na ndege hurushwarushwa. Hapo ndipo watoto hutapika. Mpe kifungua kinywa chepesi, asiende na njaa. Rubani akiahirisha kwa sababu ya upepo au mawingu, msimbembeleze. Huyo ndiye rubani wa kumwamini.

Mtoto ataulizwa uzito wake. Mwambie mkiwa bado nyumbani kwamba ni kwa ajili ya kusawazisha ndege, hasa kama ni msichana aliyebalehe, asije akaona haya mbele za watu. Wakiwa zaidi ya mmoja, uliza kwa adabu kama wako anaweza kukaa mbele. Huko anaona vipimo vyote, na rubani akiridhika huweza kumwachia ashike usukani kidogo.

Najua sisi hatuendi kwa mtu mikono mitupu. Lakini usimpe rubani pesa: sheria ya Marekani hairuhusu rubani mwenye leseni ya binafsi kulipwa kwa kurusha watu. Sisi tulipeleka maandazi, yakagawanywa kwa wote waliojitolea siku ile.

Msiishie kwenye picha, tafadhali. Baada ya kuruka mtoto anapata nafasi ya kusoma bure mtandaoni kozi ya nadharia ya urubani ya kampuni ya Sporty's. Mfungulie akaunti wiki hiyohiyo, hamu ikiwa bado kali. Kisheria anaweza kurusha glaida, yaani ndege isiyo na injini, peke yake akiwa na miaka 14, ndege yenye injini akiwa na 16, na leseni ya ndege yenye injini kuipata akiwa na 17.

Masomo ya kurusha ndege yenyewe ni ghali, na hapo ndipo matawi ya EAA yanaposaidia. Ufadhili uitwao Ray, wa kulipia masomo hayo, hupitia kwenye matawi, nayo hupendekeza vijana wanaowafahamu. Ndiyo maana binti yangu sasa huhudhuria mikutano ya tawi, na siku za kuruka huketi mezani kuandikisha watoto wadogo. Akifikisha umri, tutaandika ombi lake.