Kabla ya kumfundisha mtoto mbili jumlisha tatu

Mzazi akiniambia mwanawe wa miaka minne anahesabu mpaka ishirini, humwomba ajaribu jambo moja: aweke rundo la vifungo mezani, kisha amwambie mtoto, "Nipe vinne." Watoto wengi huchota konzi nzima wakampa. Wengine huanza vizuri, moja, mbili, tatu, nne, halafu wanaipita nne na kuendelea hadi vifungo viishe. Hawana kasoro yoyote. Wamekariri mfuatano wa namba, lakini hawajang'amua kwamba namba ya mwisho wanayoitaja ndiyo idadi ya vitu vyote walivyohesabu.

Nimefundisha chekechea kwa muda mrefu, na naamini kwa dhati kwamba kujumlisha hakuanzi mpaka jambo hilo limkae mtoto kichwani. Mwaka 1978 wanasaikolojia Rochel Gelman na Charles Gallistel walizieleza kanuni za kuhesabu: kila kitu kipewe namba moja tu, namba zifuatane kwa mpangilio uleule kila mara, na ile ya mwisho iwe ndiyo jumla. Mbili za kwanza watoto huzishika kwa mazoezi. Ya tatu huchelewa, na huja kwa hatua: mtoto anaweza kukupa kimoja bila kukosea, lakini ukitaka viwili akakupa vyovyote tu. Miezi hupita kabla ya viwili kueleweka, kisha vitatu. Mara nyingi akishavuka vitatu au vinne mlango hufunguka, akawa anaweza kukupa idadi yoyote anayojua kuihesabu.

Kumsaidia kuvuka, mimi hutaja jumla kwanza, kisha ndipo tunahesabu. "Hivi ni vitatu. Moja, mbili, tatu. Vitatu." Namba na vitu viwe mbele yake kwa wakati mmoja. Kila kinachohesabiwa kisogezwe kutoka upande mmoja wa meza kwenda wa pili, maana mtoto anayenyoosha kidole hewani hugusa kimoja mara mbili na kuruka kingine. Tukimaliza nauliza, "Vipo vingapi?" Akianza kuhesabu upya badala ya kunijibu, najua bado, na sisongi mbele.

Kuna vitu vichache ambavyo jicho huvijua bila kuhesabu: viwili, vitatu, kwa wakubwa hata vinne. Uwezo huo ukuzwe. Mwonyeshe vidole vitatu kisha ufiche mkono upesi, umuulize ameona vingapi. Dadu nayo ni nzuri sana kwa kazi hii, kwa kuwa nukta zake zimepangwa kwa sura isiyobadilika. Mtoto anayeitazama tano ya dadu na kuona nne pembeni na moja katikati tayari ameanza kujumlisha, hata kama hajawahi kusikia neno hilo.

Baada ya hapo naleta kikombe. Naweka kokoto mbili mezani, mtoto anaziona, nazifunika. Naingiza nyingine moja chini ya kikombe huku anatazama. Sasa zipo ngapi? Hawezi kuzihesabu kwa macho, kwa hiyo inambidi azishike akilini. Anza kwa kuongeza moja tu, kwa siku nyingi, mpaka agundue kwamba kuongeza moja ni kwenda kwenye namba inayofuata. Halafu ongeza mbili. Halafu toa. Siku nyingine gawanya kokoto tano katika viganja vyako, ufungue kimoja na kumuuliza cha pili kina ngapi. Nne na moja, tatu na mbili, tano na sufuri: tano ina maumbo mengi, na mtoto aliyeyazoea hatababaika baadaye akifika kumi.

Vidole msimkataze. Nasema hivi kwa msisitizo, kwa sababu bado nawaona watu wazima wanaomwambia mtoto wa miaka mitano ashushe mikono. Mkono mmoja ni tano kamili, miwili ni kumi. Hakuna kifaa cha kununua kinachoushinda.

Mwanzoni, kwa mbili na tatu, mtoto huhesabu vyote kuanzia moja. Mwache. Baadaye ataanzia kwenye mojawapo ya namba hizo mbili na kuendelea: tatu... nne, tano. Unaweza kumwita kwenye njia hiyo kwa kutumia dadu mbili, moja ya nukta na nyingine uliyoibandika tarakimu, kwani tarakimu haina nukta za kuhesabu. Michezo ya kusogeza kete nayo husaidia. Geetha Ramani na Robert Siegler walichapisha mwaka 2008 utafiti uliotumia ubao wa viraka vilivyopangwa kwa mstari, 1 hadi 10; watoto waliocheza kwa vipindi vichache vifupi waliimarika katika kuzielewa namba, na wale waliocheza kwenye ubao wa rangi tupu hawakuimarika hivyo. Siri ndogo ipo katika kutamka: mtoto aliye kwenye 3 akipata mbili aseme "nne, tano", asiseme "moja, mbili".

Akikosea, na hata akipatia, muulize, "Umejuaje?" Majibu yake yatakufundisha namna ya kumfundisha.

Alama za + na = naziacha mpaka mtoto aweze kunisimulia kwa maneno yake kilichotokea chini ya kikombe. Hapo naandika kile alichokwisha kukifanya kwa mikono: 3 + 2 = 5. Na siku hiyohiyo naandika pia 5 = 3 + 2, asije akazoea kwamba jawabu lazima likae kulia.