Jibu: Niwapelekee lini watumiaji kitimwendo cha mradi wangu?

Mdogo wangu, umeuliza kama ukamilishe kwanza kitimwendo cha mradi wako wa mwaka wa mwisho, ndipo uwapelekee watu wenye ulemavu wakijaribu. Hapana. Nenda kwao kabla hujachora hata mstari mmoja.

Nakwambia kama mtumiaji. Cha kwanza nilichopewa kiliteleza vizuri ajabu kwenye sakafu ya hospitali. Nyumbani, magurudumu madogo ya mbele yalizama mchangani, na mlango wa choo haukukipitisha. Hakuna aliyeniuliza naishi wapi.

Tazama yaliyowapata wahandisi wa MIT, chuo kikuu cha teknolojia cha Marekani. Amos Winter alikuja Tanzania mwaka 2005 kuchunguza vitimwendo, na baadaye yeye na wenzake wakabuni kinachoendeshwa kwa fimbo mbili za kusukuma: ukizishika juu unapata nguvu ya kupanda mlima, ukizishika chini unapata kasi. Vipuri vyake ni vya baiskeli, kwa hiyo hata fundi wa kijijini anavimudu. Wazo safi kabisa! Lakini cha majaribio kilipoletwa Afrika Mashariki, watumiaji walikiona kizito, tena kipana mno kwa matumizi ya ndani ya nyumba. Ikabidi wakisanifu upya.

Kwa hiyo shinda na mtumiaji kutwa nzima, toka kitandani hadi sokoni. Pima milango yake. Angalia anavyohama kutoka kitini kwenda kitandani, maana hapo ndipo wengi tunapoanguka. Mweke kwenye timu, umlipe nauli na muda wake. Akisema mchoro haufai, usimbishie. Mwulize kwa nini, uandike.