Barua kwa mwanangu: urojo na tarehe zako

Mwanangu,

Asalaam aleikum. Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza peke yangu jikoni. Unasema siku za kabla ya hedhi choo kinafunga na tumbo linajaa gesi hadi sketi ya kazini inakubana, halafu ukishaingia mwezini tumbo linakuendesha siku mbili. Unauliza kama uache urojo wa jioni pale Forodhani.

Urojo tutaufikia. Kwanza niambie, tarehe umeandika? Mimi nina neno langu, nanyi nyote mmeshalichoka: kinachokuja kwa tarehe si kosa la chungu.

Unajua wananiita Bi Pweza. Babako huwasimulia huku akicheka, lakini yeye hakuwepo uani siku ile. Ilikuwa harusi ya wifi yangu kule Mkoani, nami bado mke mgeni, hina yangu haijafutika. Tulikula sinia moja na wanawake wa kwao, wali na pweza wa nazi. Usiku nikaingia mwezini, na hata alfajiri haijaadhiniwa mimi ni wa kutoka chooni na kurudi chooni, nyumba imejaa wageni na choo chenyewe kimoja. Dada yake mavyaa akasimama mlangoni, akasema kwa sauti ya kufika barabarani: “Huyu kajipakulia pweza wa watu mpaka tumbo limemsuta!” Wakacheka. Mavyaa naye akacheka.

Mwanangu, sinia lilikuwa moja! Mbona wao hawakuendesha? Lakini mke mgeni atauliza vipi, na hedhi ataitaja vipi mbele ya wanaume wanaochuna mbuzi uani? Nikanyamaza, jina likaniganda. Mwezi uliofuata, nyumbani kwangu, nimekunywa uji mtupu, likaja lile lile. Yule bibi ameshatangulia mbele ya haki, na marehemu hasemwi. Basi simsemi. Ila alijua, alikuwa mwanamke kama mimi.

Aliyenifafanulia ni mkunga wa kliniki, nilipokuwa na mimba yako. Ukuta wa ndani wa mji wa mimba ukikaribia kubomoka hutoa kemikali ziitwazo prostaglandini, ambazo huukaza mji wa mimba usukume damu nje. Utumbo ni jirani wa ukuta kwa ukuta, ugomvi wa huku husikika kule: nao hukazika, ukaharisha. Zile siku za kabla, homoni ya projesteroni huwa juu na kuulegeza utumbo, chakula kikaenda polepole, ndiyo choo kufunga. Bibi yako yote hayo aliyaita chango, akayachemshia mizizi. Kama ilimsaidia, sijui niseme nini, alikuwa mamangu. Lakini wewe mizizi isiyo na kipimo usininywee.

Wiki ya kabla, kunywa maji, kula papai na mchicha, tembea. Maharage yapunguze kama yanakujaza gesi. Damu ikianza, kula kidogo kidogo: wali laini, ndizi mbivu, mchuzi usio na mafuta mengi. Kahawa iache siku hizo, huuchokoza utumbo. Tangawizi ya moto inatuliza, na chupa ya maji moto iliyofungwa kanga iweke chini ya kitovu. Ukiendesha sana, koroga chumvichumvi za paketi, zile za watoto hizo hizo. Ibuprofeni hupunguza zile prostaglandini zenyewe, kwa hiyo hufaa ikianzwa mapema, maumivu hayajakolea, tena baada ya kula. Muulize mfamasia kipimo. Shoga yako mwenye vidonda vya tumbo usimgawie, wala wewe usiinywe ukihisi una mimba. Na Ramadhani, siku ambazo hufungi, acha kushinda njaa eti unawaonea haya watu. Jifungie ndani ule.

Sasa urojo. Nimesema si kosa la chungu, nami nasimama hapo hapo. Lakini pilipili, ukali wa embe mbichi, bajia zinazoogelea mafuta, juu ya utumbo ulioshakasirika? Hapo chungu kinaongeza moto, hata kama hakikuuwasha. Haya, najipinga mwenyewe. Wewe ni mtu mzima, una mshahara wako, sikwambii acha. Ulimi unaniwasha, lakini sikwambii.

Jambo moja sikuachii uamue: ukiona damu kwenye choo, au haja kubwa inauma vikali siku za hedhi, au unapungua mwili, una homa, au unaharisha hata nje ya tarehe zako, nenda hospitali. Kuna ugonjwa wa endometriosisi, ambapo nyama inayofanana na ile ya ndani ya mji wa mimba huota nje yake, pengine hata kwenye utumbo, na wanawake huambiwa miaka na miaka kwamba ni chango tu. Maumivu ya kukukosesha kazi kila mwezi usiyazoee.

Na ukimfikia daktari, mpe daftari la tarehe kabla hajakuuliza ulikula nini.

Mamako,
Wete